Kabla hamjamrudisha mgonjwa apigwe eksirei tena, angalieni kwanza brauza

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, na naomba usinikatie sana maana hii habari ina vipande vingi, kimoja kikitoka kingine hakieleweki. Mi ni mtu wa tehama kwenye hospitali moja ya mkoa huku Kanda ya Ziwa, huu mwaka wa tisa, kazi yangu ni seva, nyaya, printa, na tangu tuache filamu tukahamia picha za kompyuta kazi yangu kubwa ni ule mfumo ambao dokta anafungulia picha ya mgonjwa kwenye brauza, iwe Chrome iwe Firefox, bila kuweka programu yoyote kwenye kompyuta yake. Ninachotaka kusema ni kimoja. Wagonjwa wanarudishwa kupigwa picha mara ya pili, wanalipa mara ya pili na wanakula mionzi mara ya pili, kwa picha ambazo hazina kosa lolote, ziko salama kabisa kwenye seva (kompyuta kuu inayotunza picha), ila kioo cha dokta ndo kimeshindwa kuzionyesha.

Nianze na niliyoyaona mwenyewe. Mwaka jana kipindi cha masika niliitwa OPD, kwa wagonjwa wa nje, kurekebisha printa. Kwenye benchi la koridoni kakaa bibi mmoja, kanga kaifunga kifuani, mkononi kakamata bahasha ya kaki na risiti imekunjwa mara nne. Nikamwamkia shikamoo bibi, akaitikia marahaba mjukuu wangu, hebu nisomee hapa, wanasema nikalipe tena, nalipa tena ya nini na picha nimeshapigwa? Bibi katoka visiwani, kavuka na boti ya alfajiri, kikohozi wiki ya tatu hakikatiki. Kapigwa eksirei ya kifua saa 4, saa 6 dokta kamwambia bibi picha yako haijatoka, rudi kwa watu wa mionzi. Nikamwambia bibi kaa hapo hapo usiende kwenye malipo, nikaingia kwa dokta.

Dokta ni kijana, mchapakazi, simlaumu hata kidogo, maana mbele yake kioo kilikuwa cheusi tii, jina la bibi liko pembeni juu, tarehe iko, picha hakuna. Nikamuomba mausi. Nikabonyeza kitufe cha kushoto nikaivuta, hamna kitu, nikarudia kuvuta, nikarudia tena, mara ya nne au ya tano ukaanza kutoka mfupa wa bega, hafifu kama moshi, halafu mbavu moja moja, halafu kivuli cha moyo, halafu mapafu yote mawili mpaka kule chini. Dokta akasogeza kiti. Ilikuwa eksirei nzuri tu, imepigwa vizuri, bibi kavuta pumzi vizuri, kila kitu kipo. Picha ilikuwepo muda wote.

Sasa nieleze kwa nini, maana hapa ndo watu wengi wanapotea, hata watu wa tehama wenzangu. Picha ya hospitali siyo kama picha ya simu. Picha nyeusi na nyeupe ya kawaida ina ngazi 256 kutoka weusi mpaka weupe, basi. Eksirei ya kidijitali kwa kawaida ina ngazi 4,096, na CT skani (ile inayopiga mwili vipande vipande) ndo kabisa, kila kidoa, yaani nukta ya picha, kina namba yake kwenye kipimo cha Hounsfield, maji ni 0, hewa ni -1000, mfupa unapanda mpaka mia kadhaa na kuvuka 1000. Kipimo kimepewa jina la Godfrey Hounsfield, Mwingereza aliyekuwa fundi wa kampuni ya EMI, mashine yake ndo ilipiga picha ya kichwa cha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, na mwaka 1979 akapewa Nobeli pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini ambaye hesabu za kazi hii alianza kuziwaza akiwa Cape Town. Nataja hilo kwa sababu kuna wanaodhani teknolojia hii bara letu halina mkono wowote ndani yake, na siyo kweli.

Turudi. Kioo cha kompyuta ya kawaida hakiwezi kuonyesha ngazi zote hizo 4,096 kwa mpigo, kinaonyesha 256. Kwa hiyo mfumo lazima uchague kipande, na hicho kipande ndo kinaitwa dirisha, lina katikati yake na upana wake. Ukitaka kuona ubongo unaweka katikati 40 upana 80. Ukitaka mapafu unaweka katikati -600 upana 1500. Chukua CT ile ile ya kifua, iangalie kwa dirisha la ubongo, mapafu yanakuwa shimo jeusi, mishipa midogo huioni, badilisha dirisha na mishipa yote inajitokeza mpaka vitawi vidogo. Picha haijabadilika hata namba moja, kilichobadilika ni dirisha tu.

Na dirisha la kuanzia mfumo unalipata wapi? Linaandikwa na mashine ndani ya faili lenyewe. Faili la DICOM (huo ndo utaratibu wa dunia nzima wa picha za hospitali, ulianzia Marekani mwaka 1985 kwa jina jingine, jina la DICOM likaja 1993) lina lebo nyingi kabla ya picha yenyewe, jina la mgonjwa, tarehe, mashine, na lebo mbili zinazosema dirisha, namba zake ni 0028,1050 ya katikati na 0028,1051 ya upana. Kwa yule bibi lebo hizo mbili zilikuwa tupu. Kumbe wiki ile mashine ilikuwa imefanyiwa apdeti na seti moja (mpangilio wake) ikarudi ilivyokuwa kiwandani. Mfumo wa brauza ukakosa maelekezo ukadhani picha imejaa kuanzia 0 mpaka 65,535, wakati namba kubwa kabisa kwenye ile eksirei ilikuwa 4,095. Gawanya mwenyewe uone, ni sehemu moja ya kumi na sita. Kwa hiyo kifua chote cha bibi kilikuwa kimebanwa kule chini kabisa kwenye weusi, jicho la binadamu haliwezi kutofautisha. Nilipovuta mausi nilikuwa nalibana hilo dirisha, ndo maana picha ikatoka.

Na nikaambiwa baadaye siku ile ile walikuwa wamesharudishwa watu wengine kabla ya bibi. Hilo liliniuma, na ndo linaniandikisha barua hii.

Watu watasema ah, eksirei moja ya kifua mionzi yake midogo, na ni kweli, ni kama milisiveti 0.1 (milisiveti ni kipimo cha mionzi mwilini), wakati binadamu kwa wastani wa dunia anapata kama 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye udongo, anga na chakula. Lakini CT ya kichwa ni kama 2 kwa mara moja, karibu mionzi ya asili ya mwaka mzima, na CT ya tumbo inazidi hapo, na akiwa mtoto mwili wake unadhurika kirahisi zaidi kuliko wa mtu mzima. Watu wa mionzi wamefundishwa kwamba mgonjwa hapigwi mionzi bila sababu. Brauza kuwa na kioo cheusi siyo sababu.

Basi nieleze jinsi ninavyotafuta tatizo, kwa wenzangu walioko hospitali za wilaya ambao wako peke yao, hawana wa kumuuliza, nawajua wapo.

Kabla sijagusa kitu nauliza. Ni picha hii moja au picha zote? Ni kompyuta hii moja au na ya jirani? Ni picha za mashine moja tu, mfano eksirei tu, au mpaka CT na altrasaundi? Majibu ya hayo yanakupunguzia nusu ya kazi. Ikiwa ni kompyuta moja tu usiende kwenye seva, utaharibu kizima. Ikiwa ni mashine moja tu kwa kompyuta zote, nenda kwenye mashine, seva na brauza hazina kosa. Ikiwa ni kila kitu kila mahali, ndo sasa uende chumba cha seva. Nimeshaona mtu kaizima seva ya hospitali nzima kisa kioo cha dokta mmoja, wodi zote zikakaa bila picha saa nzima, na tatizo lilikuwa kwenye kompyuta ya yule dokta.

Kitu cha pili, watu wasiogope kitufe cha F12. Ukikibonyeza kwenye brauza inafunguka sehemu ya pembeni au chini, nenda pale panapoonyesha mawasiliano ya mtandao, halafu fungua picha upya uangalie mistari. Mistari myekundu ndo inaongea. 404 maana yake kitu kimetafutwa hakipo. 401 maana yake seva imekataa, haikutambui. Ukiona mstari unalalamikia ukurasa wa https (anwani yenye ulinzi) kuomba kitu cha http (isiyo na ulinzi) ujue brauza yenyewe imezuia kwa usalama, hii inatokea sana hospitali ikihamia https halafu anwani ya seva ya picha ikasahaulika kwenye seti, ukurasa unafunguka vizuri, kufuli linaonekana juu, picha haziji hata moja, na kila mtu anasema picha zimepotea wakati hazijapotea.

Kuna ile ya 401 iliyonichukua siku mbili nzima, naisimulia maana umeme wetu wote tunaujua. Watu wanaingia kwa neno la siri bila shida, ukurasa unafunguka, picha hakuna, mistari yote 401. Nikabadilisha maneno ya siri, nikafuta kashe (vitu brauza ilivyojiwekea akiba), nikaangalia seti zote, wapi. Siku ya pili jioni ndo nikaangalia saa ya seva ya picha, ilikuwa inasoma mwaka wa nyuma kabisa, kabla hata hiyo hospitali haijawa na CT. Usiku umeme ulikatika, yupiesi (betri ya akiba ya umeme) ikaisha chaji, seva ikazima, na kale kabetri kadogo ka mviringo kama sarafu kwenye bodi kalikuwa kameshakufa siku nyingi, kwa hiyo ilipowaka saa ikarudi nyuma. Seva inayotoa ruhusa ya kuingia ina saa sahihi, inaandika ruhusa ya leo, seva ya picha inaiangalia inaona ni ruhusa ya miaka ijayo, inaikataa. Betri dukani ni hela ndogo sana. Tangu siku hiyo seva zote nimeziunganisha zichukue saa sehemu moja, na mabetri nimebadilisha yote, na ukinipigia simu picha haziji swali langu la kwanza ni jana usiku umeme ulikatika?

Kuna nyingine ya CT. Picha ndogo za pembeni zinaonekana vizuri, ukibonyeza moja ije kubwa, kiduara kinazunguka tu hakiishi. Hii watu wanasema ni mtandao, wakati mwingine kweli ni mtandao, ila mara nyingi ni mgandamizo. Mashine nyingi zinatuma picha zimegandamizwa ili faili liwe dogo, mfano kwa JPEG 2000 ile isiyopoteza kitu, na brauza kwa asili yake karibu zote haziijui hiyo, kwa hiyo mfumo unabeba kifaili chake cha kuigandamua, mwisho wake ni wasm. Mtu akiuhamisha mfumo kutoka seva moja kwenda nyingine, au akaapdeti, akasahau kukihamisha hicho kifaili au kikakaa folda nyingine, basi picha zilizogandamizwa hazifunguki na zisizogandamizwa zinafunguka vizuri kabisa. Zile ndogo za pembeni zinaonekana kwa sababu seva ndo imezigeuza kuwa JPEG ya kawaida. Ndo maana unakuta eksirei safi, altrasaundi safi, CT haifunguki, na watu wanaanza kuilaumu mashine ya CT ambayo haina kosa. F12 inakuonyesha hiyo kwa mstari mmoja tu, 404 mbele ya jina la hicho kifaili.

Halafu kuna picha zinazotoka geuza, mifupa myeusi mapafu meupe. Hapo kuna lebo nyingine, inasema MONOCHROME1 au MONOCHROME2. Kwenye 2 namba kubwa ndo nyeupe, kwenye 1 namba kubwa ndo nyeusi, na mfumo usiposoma hiyo lebo unakuonyesha kinyume. Kitufe cha kugeuza rangi kipo, dokta anaweza kukibonyeza akaendelea na kazi, ila aniambie, asizoee. Na ukiona CT ambayo hewa nje ya mwili inang'aa nyeupe kuliko hata mfupa, hapo ni alama ya kutoa imepotea, -1000 ya hewa imesomwa kama 64,536. Ile namba kubwa hivyo haiwezi kuwa kitu chochote ndani ya mwili wa mtu, kwa hiyo ukiiona kwenye hewa usijiulize mara mbili, lebo inayosema kama namba zina hasi au hazina, 0028,0103, imeandikwa vibaya au mtu kaipoteza wakati wa kubadilisha faili.

Za kompyuta moja moja sizirefushi. Mifumo hii inachora kwa kutumia kadi ya picha ya kompyuta kupitia kitu kinaitwa WebGL, ikizimwa au dereva yake (programu inayoiendesha kadi) ikiwa ya zamani sana picha inachorwa kwa kujikokota au haichorwi kabisa. Kwenye Chrome andika chrome://gpu pale juu utaona imewashwa au imezimwa. Na kurasa nyingi za brauza (zile tabu za juu) zikiwa wazi kila moja na picha zake, brauza inaanza kuzinyang'anya za mwanzo, dokta akirudi anakuta nyeusi. Funga, fungua upya, inarudi.

Suala la ukubwa lakini linahitaji hesabu maana wakubwa wanaonunua kompyuta hawalijui. Kipande kimoja cha CT ni vidoa 512 kwa 512, kila kidoa baiti 2, ni nusu megabaiti. CT ya kifua yenye vipande 400 ni megabaiti 200. Mfumo ukitaka kuisimamisha picha, uione kwa mbele na kwa ubavu, unaweza kuzigeuza namba ziwe za baiti 4, sasa ni 400 kwa mgonjwa mmoja, na kompyuta uliyomnunulia dokta ina RAM ya 4 GB ambayo Windows na brauza zenyewe zimeshakula sehemu kubwa. Inafika kipande cha 180 inaganda. Na kama picha inavutwa kutoka hospitali nyingine kwa laini ya megabiti 4 kwa sekunde, megabaiti 200 hizo ni karibu dakika 7 kama hakuna mtu mwingine anayetumia mtandao, na saa 5 asubuhi wote wanatumia. Dokta ana foleni ya watu nje, hawezi kukaa dakika 7 anaangalia kioo cha kijivu, anasema haifunguki. Nami ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Kuna kosa moja ambalo linanitisha kuliko kioo cheusi, maana kioo cheusi angalau kinaonekana. Ni vipimo. Dokta anavuta mstari kwenye picha apime uvimbe una milimita ngapi au mfupa umeachana kiasi gani. Mfumo unajuaje milimita? Kwa lebo ya nafasi kati ya kidoa na kidoa. Kwenye CT iko sawa. Kwenye eksirei mara nyingi iliyopo ni nafasi ya kwenye bamba la mashine, siyo ya mwilini, na kitu kilicho mbali na bamba kinatoka kikubwa kuliko kilivyo, kama kivuli cha mkono ukutani ukiusogeza karibu na taa. Na mtu akipiga picha ya kioo akaiingiza tena kwenye mfumo, lebo inakuwa haipo kabisa, mfumo mzuri unakuandikia vidoa badala ya milimita, mfumo mbaya unakubunia milimita. Madokta naomba muangalie kile kifupi cha mwisho pale kwenye mstari, kama ni mm (milimita) au ni px (vidoa), kabla hamjaandika kwenye faili la mgonjwa.

Na hapo ndo naingia kwenye WhatsApp. Picha ikigoma, dokta anaenda kwa watu wa mionzi, anapiga kioo chao kwa simu, anaituma kwenye grupu, bingwa aliye mjini anaisoma kutoka kwenye simu. Naelewa kwa nini, mgonjwa anaumia na bingwa yuko mbali. Lakini kilichofika kwa bingwa siyo picha ile. Ngazi 4,096 zimebaki 256, hizo nazo WhatsApp imezigandamiza tena, mwanga wa dirisha la chumba umeakisi kwenye kioo, na bingwa hawezi tena kubadilisha dirisha la picha aone mapafu au mfupa, amefungwa na lile ulilochagua wewe. Damu kidogo kwenye ubongo inaweza kupita hapo isionekane. Na pembeni juu jina la mgonjwa, umri na namba ya faili vyote vimeenda kwenye grupu la watu mia na kitu, wakati nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Bibi yule wa visiwani hajui grupu ni nini, hakuulizwa.

Ninachowaomba wakuu wa hospitali ni mambo ya kawaida kabisa, hayahitaji bajeti kubwa. Wekeni utaratibu kwamba hakuna mgonjwa anayerudishwa kupigwa picha kwa sababu haionekani mpaka mtu aende kuiangalia kwenye kompyuta ya mashine yenyewe pale chumba cha mionzi, ni hatua 50 tu. Kama kule inaonekana, mgonjwa abaki kwenye benchi, aitwe mtu wa tehama, hata kama ni saa 8 usiku, mi nitakuja. Pili, mnaponunua mashine au mfumo, muuzaji yeyote makini ana hati inayosema mashine yake inafuata DICOM kwa namna gani na inagandamiza kwa njia zipi, mwiteni mtu wa mionzi na mtu wa tehama wakae meza moja waisome kabla saini haijawekwa. Sisi huwa tunaitwa mashine imeshafungwa, makofi yameshapigwa, ndo tunagundua mfumo wetu hausomi picha zake.

Kwa wenzangu wa tehama, mi nina picha zangu 6 za majaribio, zimetolewa majina, moja ya MONOCHROME1, moja ya JPEG 2000, moja isiyo na dirisha, CT moja ya vipande vingi, altrasaundi ya rangi na eksirei kubwa. Kila Jumatatu saa 1 asubuhi kabla ya raundi, na kila baada ya apdeti, nazifungua zote 6 kwenye kompyuta ya OPD, siyo kwenye yangu ya ofisini ambayo ina nguvu. Inanichukua kama dakika 10. Mara mbili mwaka huu nimekuta imevunjika na nikairekebisha kabla dokta hata hajafika.

Na kwa wanaotengeneza mifumo hii, popote walipo, na najua kuna vijana wetu Dar na Nairobi nao wanaitengeneza, nina ombi moja na ni la dhati. Picha ikishindwa kufunguka msiache kioo cheusi kimya. Weusi kwenye eksirei una maana yake, weusi ni hewa. Andikeni pale pale katikati kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, picha ya mgonjwa huyu ipo kwenye seva ila imeshindwa kuonyeshwa, usimrudishe, piga simu tehama, na chini yake muweke sehemu ya kuandika namba ya simu ya hospitali husika. Yangu ntaijaza mwenyewe siku hiyo hiyo.

Fundi wa mifumo,
hospitali ya mkoa, Kanda ya Ziwa